Hongereni, Mafundi wa Bonde la Ruzizi

Dereva wa barabara ya taifa namba 5, inayopita Katogota kuelekea Uvira, anajua jinsi usukani mgumu unavyochosha mabega. Land Cruiser BJ40 za miaka ya 1970 nyingi hazina pampu ya mafuta ya kulainisha usukani. Mafundi wanaoweza kuiongeza wanastahili heshima kubwa.

Kupata pampu ni jambo dogo. Kuoanisha vipuri na injini ndiyo kazi. Injini ya B ya BJ40 si 3B, ile iliyofungwa kwenye BJ60 tangu 1980. Fundi makini haamini jina la kipuri: hulinganisha matundu ya boliti na upana wa mfereji wa puli. Kisha hulaza rula ya chuma kwenye puli ya kranki na ya pampu. Zikipishana hata kidogo, mkanda utapiga kelele, utalika pembeni, na utaruka gari likiwa limejaa mihogo.

Wapo wanaochomelea kishikio cha pampu kwenye chasi ili wamalize haraka. Injini ikitikisika, pampu haiifuati. Fundi bora hukifunga kwenye injini yenyewe, hata kama itabidi akichonge upya.