Baba wa Picha za Kihindi, na Mama Je?

Mitaani kwetu mtu akizidisha chumvi kwenye hadithi yake huambiwa anatupigia picha la Kihindi. Yaani stelingi kala risasi tatu na bado anaimba. Lakini hebu tumtazame jamaa aliyeifikisha sinema hiyo mahali pa kuchekwa na kupendwa kwa pamoja: Dhundiraj Govind Phalke, maarufu kama Dadasaheb Phalke.

Wenyewe wanamwita Baba wa sinema ya India. Mwaka 1969 serikali yao ilianzisha tuzo yenye jina lake, na ndiyo tuzo ya juu kabisa ya filamu nchini humo. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ugomvi wangu uko kwenye sababu inayotolewa kila mara, kwamba eti alikuwa wa kwanza. Wa kwanza kwa lipi? Picha ya Dadasaheb Torne iitwayo Shree Pundalik ilionyeshwa Bombay tarehe 18 Mei 1912. Raja Harishchandra ya Phalke ikaja kwa watazamaji tarehe 3 Mei 1913, tena kwenye jumba lile lile la Coronation. Watetezi wa Phalke hujibu kuwa ile ya Torne ilikuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa picha tu, na mkanda wake ukaenda kusafishwa London. Haya, na Hiralal Sen wa Calcutta, aliyekuwa akipiga picha za michezo ya jukwaani miaka kabla ya wote wawili, tumweke wapi? Mashindano haya yanachosha, bwana. Kutangulia si kazi. Tuitazame kazi.

Phalke alizaliwa mwaka 1870 Trimbak, karibu na Nasik. Alisomea sanaa Bombay na Baroda, akawa mpiga picha, kisha mtu wa kiwanda cha uchapaji, akishughulika na picha za miungu za mchoraji Raja Ravi Varma zilizotundikwa katika nyumba nyingi za Kihindu. Alikuwa ameshavuka miaka arobaini alipotazama filamu ya maisha ya Yesu huko Bombay. Wengine walitoka ukumbini wakaenda kulala. Yeye alitoka akijiuliza kwa nini Krishna na Rama wasionekane vile. Akaweka rehani bima yake ya maisha, akaenda London mwaka 1912, akarudi na kamera.

Sasa tazama alichoanza nacho: mbegu ya njegere! Aliipiga picha kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka kwenye kioo mche ukaonekana unachomoza na kukua wenyewe. Kwa filamu hiyo fupi alimshawishi mwenye fedha. Waandishi chipukizi wenzangu wanaotaka kuanza na riwaya ya kurasa mia nne waiangalie njegere hiyo.

Halafu akachagua hadithi ambayo kila bibi anaijua, ya mfalme Harishchandra aliyepoteza ufalme, mke na mwana kwa kukataa kuvunja neno lake. Wapo watakaosema hapo hakubuni kitu. Mimi nasema hapo ndipo alipoonyesha akili. Picha ilikuwa bubu na watazamaji wengi hawakujua kusoma. Hadithi waliyokwisha kuijua iliwaacha huru kutazama, na mapokeo yalikuwa makubwa.

Ila tusimpambe kupita kiasi. Katika sehemu zilizosalia za picha hiyo kamera imesimama kama nguzo, na wachezaji wamejipanga mbele yake kama wako jukwaani. Taramati, mke wa mfalme, ni mwanamume, Anna Salunke, aliyetolewa mgahawani kwa sababu wanawake walikataa kuigiza. Wapambe wa malkia wanaooga bwawani, sari zimelowa chapachapa, nao ni wanaume watupu. Mwaka 1917, katika Lanka Dahan, Salunke huyo huyo alicheza Rama na pia Sita! Kwangu mimi Phalke aliye bora yumo katika Kaliya Mardan ya mwaka 1919. Inaanza na uso wa binti yake Mandakini, mtoto wa miaka saba, akibadilisha sura mara hasira, mara furaha, kisha taratibu uso huo unageuka kuwa wa Krishna. Hapo hakuna jukwaa tena. Kamera inajua jambo ambalo jukwaa haliwezi.

Nirudi kwenye hilo neno Baba. Vito vilivyouzwa ili kazi iendelee vilikuwa vya mkewe, Saraswatibai. Vitundu vya pembeni mwa mkanda alivitoboa yeye, mikanda akaisafisha nyumbani usiku, na mchana akapikia kundi zima la wachezaji na mafundi. Mtu akifanya hayo leo anaitwa mtayarishaji na fundi wa maabara, jina lake linapita kwenye kioo kwa herufi kubwa. Yeye anaitwa mke mwema. Mhakiki anayeandika kuwa Phalke alifanya kila kitu peke yake hajahakiki, amenakili tu.

Sinema ya sauti ilipoingia India mwaka 1931 kwa Alam Ara, mzee aliachwa nyuma. Gangavataran ya mwaka 1937 ndiyo picha yake pekee aliyoitunga kwa sauti, na haikumwinua. Alifariki Nasik Februari 1944. Kati ya mikanda minne ya Raja Harishchandra umebaki wa kwanza na wa mwisho, na wapo wataalamu wanaoshikilia kuwa hata hiyo ni ya toleo alilopiga upya mwaka 1917.

Anayetaka kuona mambo yalivyokuwa ndani ya nyumba ile aitafute Harishchandrachi Factory ya Paresh Mokashi, ya mwaka 2009, kwa lugha ya Kimarathi. Ni ya kuchekesha, pengine inamchekea mno Phalke. Lakini humo Saraswatibai ameshika mkanda kwa mikono yake, na kamera inamtazama.