Tija, Ufanisi na Upotevu: Istilahi za Kiwandani Zichujwe

Katika tafsiri za miongozo ya viwanda tunakuta neno “ufanisi” limetwishwa mizigo mitatu: kufikia lengo, kutumia vitu bila hasara, na wingi wa mazao kwa kila mfanyakazi. Neno moja haliwezi kuichukua mizigo hiyo yote pasipo kumpotosha msomaji.

Tuchukue mfano. Mafundi 10 hushona mashati 200 kwa siku. Akipunguzwa mmoja, waliobaki 9 wakashona 189, mazao ya kila fundi yamepanda kutoka 20 hadi 21, ilhali lengo la 200 halikufikiwa. Taarifa ikisema “ufanisi umeongezeka”, je, msimamizi apongezwe au aulizwe? Kwa maoni yetu, uwiano wa mazao na nguvukazi uitwe tija. Ufanisi, lenye asili ya kufana, libaki kwa kufikia lengo. Na kutumia vitu bila hasara kuitwe uwekevu.

Mtego wa pili umetoka Japani. Taiichi Ohno wa kampuni ya Toyota alitaja aina saba za upotevu: kuzalisha kupita kiasi, kungoja, usafirishaji usio wa lazima, hatua za kazi zisizohitajika, marundo ya akiba, mwendo wa bure wa mfanyakazi, na kasoro. Kwa Kijapani upotevu huo huitwa “muda”. Mfasiri akiliacha neno hilo lilivyo na kuandika “ondoeni muda”, Mswahili ataelewa kwamba ahimizwa kuharakisha kazi. Na haraka ndiyo huzaa kasoro.

Wapo wanaokwepa mtego huo kwa kuandika “ubadhirifu”. Hapo wanaangukia pabaya zaidi, kwani katika ofisi zetu ubadhirifu ni tuhuma. Fundi aliyesimama akingojea vipuri hakufuja mali ya mtu. Utaratibu ndio uliomsimamisha. Neno “upotevu” laonyesha hasara bila kumhukumu yeyote.

Mwisho, “shingo ya chupa”. Shingo hiyo hutengenezwa kwa makusudi, na chupa haina ila. Kinachokusudiwa ni hatua iendayo polepole kuliko nyingine zote, ambayo ndiyo huamua kasi ya kiwanda kizima. Twapendekeza “hatua finyu”.

Wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya kazini. Istilahi isiyopambanua humwadhibu asiyestahili.