Radhi na Mazoea: Shukrani ya Nyumbani katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona ni miongoni mwa tungo zinazotajwa sana katika fasihi yetu, na huenda pia ni miongoni mwa zile zinazosomwa nusunusu. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga katika mwaka wa 1275 wa Hijria, yaani karibu na 1858 wa Miladi, hali ya kuwa ameugua kwa muda wa mwaka mzima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alikuwa amekwisha fariki mwaka 1856. Mama huyu amwita binti yake, amwambia akae karibu naye pamoja na wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mwake mna jambo ambalo hakupata nafasi ya kulisema. Utendi wote ni jambo hilo.

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa utendi huu, pamoja na kuwa wasia wa dini na wa ndoa, ni utungo juu ya shukrani katika mambo madogo ya nyumbani. Na ya kuwa shukrani hiyo haionekani sawasawa mpaka tusome beti za mafundisho kwa mwanga wa beti chache ambazo mama anazitumia kukumbuka ndoa yake mwenyewe. Beti hizo ni chache, nazo hupitwa upesi. Lakini ndizo zinazotuambia mafundisho yale yalitoka wapi na yalikuwa na thamani gani.

Wahakiki wamekwenda njia mbili mbalimbali. Njia ya kwanza ni ile ya Alice Werner na William Hichens, waliouchapisha utendi huu mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa jina linaloelekeza macho ya msomaji moja kwa moja kwenye wajibu wa mke. Tangu hapo watu wengi wameuchukua kama hati ya utii: wengine wakiusifu kwa sababu hiyo, na wengine, hasa katika miaka ya karibu, wakiulaumu kwa sababu ile ile. Njia ya pili ni ya wale waliotafuta maana iliyofichika chini ya maneno. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alitaka tufikiri upya kama mama huyu asema tu ayasemayo, au kama katika lugha yake mna ujanja wa mtu ajuaye nguvu ya maneno. Njia zote mbili zina faida. Hata hivyo, zote mbili huushughulikia utendi kama hoja juu ya mamlaka, na kwa hiyo zile beti za kupepea, kufagia na kupika huwa ni ushahidi tu wa kesi. Hazitazamwi zenyewe.

Na tuzitazame, basi. Baada ya kumfundisha binti yake kushika dini, kuwa na adabu na kusema kweli, mama aingia ndani ya nyumba. Mume akilala, mke akae karibu, ampapase, wala asikose mtu wa kumpepea. Akipitiwa na usingizi, asiamshwe, wala pasiwe na kelele. Akiamka, asicheleweshwe, aandaliwe chakula, asingwe na kuogeshwa, anyolewe na kutengenezwa ndevu, afukizwe manukato asubuhi na jioni. Kisha mama amgeukia binti mwenyewe: asiwe mchafu, afagie na kuosha choo, wala asidharau kazi hiyo hata mara moja, aoge, ajisinge, asuke nywele zake, atunge yasmini na kuitia kitandani, avae kama bibi arusi, asiache hina mkononi wala wanja machoni.

Msomaji wa leo ataona haraka ya kuwa orodha hii ni nzito, na ya kuwa uzito wake umeelekea upande mmoja. Kweli hiyo haifai kufichwa. Lakini atazame pia namna ilivyotungwa. Umbo la utendi, lenye vipande vinne vya mizani nane nane, lilikuwa limezoewa katika kusimulia vita na habari za mitume. Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ni mfano unaojulikana. Mwana Kupona alichukua chombo kile kile kilichobeba majeshi na wafalme, akapakia ufagio, yasmini na maji ya kuoga. Wala hakuomba udhuru. Kila tendo limepewa pahali pake ndani ya ubeti, lina vina vyake, lina mwisho wake. Upepo wa kipepeo umepimwa kwa mizani ile ile iliyopimia panga za mashujaa. Hiyo peke yake ni hukumu: mambo haya yastahili kutungiwa.

Linganisha na mtunzi mwingine wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi. Yeye naye aliingia ndani ya nyumba za mji ule, lakini aliingia baada ya wenyewe kuondoka. Taa, vitanda na vyombo vya thamani ni dalili kwake ya dunia idanganyayo, na nyumba iliyobomoka ni onyo kwa moyo. Mwana Kupona ni Mwislamu asiyepungukiwa na hofu ya akhera, lakini nyumba kwake si onyo. Ni pahali ambapo akhera inatafutwa kwa ufagio. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyokubali kwa kawaida tunapoziweka tungo hizi mbili chini ya kichwa kimoja cha ushairi wa dini.

Kuna mfano mmoja wa kutiliwa mkazo. Mama amwambia binti amtunze mumewe kama mtoto asiyejua kusema. Mfano huu hausomwi kwa makini kama unavyostahili. Mtoto asiyejua kusema hatoi amri. Wala hawezi kusema asante. Amtunzaye hufanya kazi pasipo kungoja neno, naye hujua kuwa amefanya vema kwa kutazama tu: mtoto ametulia, amelala, ameshiba. Kwa mfano huu mume, ambaye beti kadhaa nyuma alikuwa mwenye kauli ya mwisho, amekuwa mnyonge wa kutunzwa. Sisemi kuwa mama ameipindua sheria aliyoiweka. Nasema kuwa ameitia ndani jambo ambalo sheria haina, nalo ni huruma.

Hapo twafika kwenye neno lenyewe. Mama asema kwamba kiumbe ahitaji radhi tano ndipo apate pumziko la dunia na akhera: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya mume. Hii ya tano ndiyo anayoikariri, na aifikisha hadi siku ya kufufuliwa, ambapo neno la mume laweza kumpeleka mke peponi au kwingineko. Neno radhi limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni hali ya nafsi iliyoridhika. Katika Kiswahili limepita njia nyingi. Mtu amwambiaye mwenziwe "niwie radhi" siku hizi aomba samahani tu. Mzazi asemaye "nitakuachia radhi" atisha kwa laana. Tunazo "radhi za wazazi", ambazo kijana huzitafuta kabla ya safari. Katika matumizi yote haya radhi ni kitu kitolewacho na aliye juu kwa aliye chini, na kwaweza kuzuiwa.

Shukrani haiko hivyo. Kitenzi kushukuru nacho kimetoka Kiarabuni, na wanazuoni husema kuwa shukrani ni ya moyo, ya ulimi, na ya viungo. Neno tunalolitumia kila siku, asante, linatufundisha zaidi. Katika asili yake ni kitenzi cha wakati uliopita, maana yake "umefanya vema". Waswahili tumelichukua likawa neno lisilobadilika, akaambiwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Kisha tukalipa kiambishi chetu wenyewe cha wingi, tukasema "asanteni". Kwa hiyo asemaye asante, kwa asili ya neno, hasemi habari za moyo wake. Ashuhudia tendo la mwenziwe. Radhi humtazama mtoaji: nimeridhika. Asante humtazama mtenda: umefanya vema. Ndiyo sababu mithali yetu humcheka punda ambaye asante yake ni mateke: ametendewa, hakuona tendo.

Sasa tusome beti za kumbukumbu. Mama aacha kuamuru, aanza kusimulia. Asema alikaa na baba yake huyu binti kwa furaha na kicheko, wala hawakuvunjiana heshima. Hakuna siku waliyogombana. Ubaya wake haukumfikia mume, wala wa mume haukumfikia yeye. Mauti yalipomjia mume, alimkariria mkewe radhi, akashukuru. Na tangu siku hiyo, asema, hajanyamaza kulia, kila akumbukapo maliwazo yao na wingi wa mazoea.

Mambo matatu yaonekana hapa. La kwanza ni kwamba radhi na shukrani, ambazo katika mafundisho zilikuwa mbalimbali, zimewekwa pamoja katika ubeti mmoja wa kuagana. Bwana Mataka, mtawala aliyepigana miaka mingi na nguvu za Sayyid Said, hapewi katika utendi huu hata ubeti mmoja wa vita. Amepewa ubeti wa kushukuru. La pili ni kwamba kumbukumbu ni ya pande mbili, ilhali mafundisho ni ya upande mmoja. Katika mafundisho mke ndiye ajitahidiye na mume ndiye apimaye. Katika kumbukumbu wote wawili wamejizuia wasiumizane, na wote wawili wamepata. Kwa hiyo, katika jambo hili, kumbukumbu ya mama ni adilifu kuliko kanuni yake, na mhakiki anayetaka kumhukumu yampasa azisikilize zote mbili.

La tatu ni neno mazoea. Kinachomliza mjane huyu si cheo cha mume, wala nyumba, wala mali. Ni mazoea: yale yaliyofanywa jana na juzi na kila siku, hata yakawa hayaonekani. Hapa ndipo zile beti za kupepea na kufukiza zinapobadilika mbele ya macho yetu. Tulizisoma kama amri; kumbe zilikuwa pia kumbukumbu. Mama alipomwambia binti juu ya kunyamaza mume asinziapo, alikuwa akitaja usingizi aliowahi kuulinda mwenyewe. Orodha ya wajibu ni orodha ya vitu alivyopoteza. Naye ataka binti yake avijue vikiwa bado vimo mikononi, asingoje ujane umfundishe.

Lakini shukrani hii ina mpaka. Mama amwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Nyumba ya mtawala wa Siyu ilikuwa nyumba yenye watumwa, na utumwa haukukomeshwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kazi nyingi za nyumba kama ile, ya maji, kuni na jikoni, zilipita katika mikono ambayo utendi hauitaji ila kwa kuikwepa. Katika radhi tano hamna yao. Kama asante ni kushuhudia tendo la mtu, basi katika nyumba hii kulikuwa na matendo mengi yasiyoshuhudiwa. Lawama hii naiona kuwa nzito kuliko ile ya utii wa mke, kwa sababu katika habari ya mke utendi wenyewe umejisahihisha kwa kumbukumbu. Katika habari ya mtumwa haukujisahihisha.

Baada ya miaka karibu mia, Shaaban Robert alimtungia naye binti yake wasia katika Utenzi wa Hati, na alimtungia mkewe Amina, aliyefariki, shairi la maombolezo. Kwa Mwana Kupona mume ashukuru akiwa katika kufa. Kwa Shaaban Robert mume ashukuru mke akiwa amekwisha kufa. Katika tungo zote mbili neno limechelewa. Nyumba zetu zajua kutenda. Hazina haraka ya kushuhudia. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alikwisha kusikia neno hilo kwa masikio yake, naye alilihifadhi katika utendi wake kama mtu ahifadhivyo hati ya deni lililolipwa.

Walimu wengi huwapa wanafunzi dondoo za utendi huu, na dondoo hizo huwa ni za amri. Ningependa beti za mjane zisikatwe. Pasipo hizo, binti aliyeketi na wino na karatasi hupokea kanuni tu. Pamoja nazo, apokea pia sababu: ya kuwa mama yake aliwahi kuambiwa amefanya vema, na kwamba neno hilo lilimtosha hata akaweza, katika ugonjwa wa mwaka mzima, kutunga juu ya ufagio na yasmini.