Lugha ya Hesabu za Umeme: Nguvu, Mkondo na Ukinzani

Hesabu za umeme zifundishwazo shuleni ni fupi. Volteji ikigawanywa kwa mkondo hupatikana ukinzani; volteji ikizidishwa kwa mkondo hupatikana nguvu. Mathalan, pasi itumiayo volti 230 na ampea 4 ina ukinzani wa omu 57.5 na nguvu ya wati 920. Mwanafunzi ajuaye kugawanya na kuzidisha haoni taabu. Taabu huanza pale atakiwapo kueleza kwa Kiswahili ni kitu gani alichokihesabu, na hapo ndipo istilahi zistahilipo kupimwa.

Si Kiswahili peke yake kilichopata shida hiyo. Georg Simon Ohm alipotoa kitabu chake mjini Berlin mwaka 1827, hakuwa na jina la ukinzani kama lijulikanavyo sasa. Aliandika kwamba mkondo ni jumla ya mikazo ikigawanywa kwa kile alichokiita urefu uliopunguzwa, kwa kuwa aliyapima mambo yote kwa urefu wa waya. Majina ya omu, volti na ampea yalikubaliwa katika mkutano wa Paris mwaka 1881, zaidi ya miaka hamsini baadaye. Kanuni ilitangulia, majina yakafuata.

Katika istilahi za Kiswahili, ukinzani ndilo neno lililochaguliwa vizuri kupita mengine. Kukinza si kufunga njia. Mkinzani ni mtu asiyekubali upesi, lakini hoja ikiwa na uzito humpita. Waya nao hufanya vivyo hivyo: hupitisha umeme, ila hutoza gharama, na gharama hiyo ni joto. Laiti lingalichukuliwa neno kizuizi, mwanafunzi angalidhani kwamba umeme umesimama.

Mkondo lina sifa na lina kasoro. Watu wa pwani walijua mikondo ya bahari kabla ya kuona waya, na mfano wa maji wafaa sana. Lakini katika matumizi ya kawaida mkondo ni maji yaendayo, na tena ni njia yapitamo. Kwa hiyo mwanafunzi aambiwapo kwamba mkondo umekatika, hajui kama ni ampea zilizokwisha au ni waya uliokatika. Neno saketi, ijapokuwa ni geni, hutenganisha njia na kipitacho, na waalimu hawana budi kulishikilia.

Neno lenye hatari kubwa ni nguvu. Wataalamu wametenga kani, nguvu na nishati, na mgawanyo huo ni mwema. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990, na tangu hapo mwalimu ana mahali pa kurejea. Lakini kamusi hutoa neno, haitoi sentensi. Nje ya darasa, fundi asemapo kuwa leo nguvu ya umeme ni ndogo, aghalabu kusudi lake ni volteji. Mwenye nyumba asemapo kuwa pasi inakula umeme mwingi, kusudi lake ni nishati, kwani mita huhesabu uniti: pasi ile ya wati 920 ikiwaka saa nzima hutumia uniti 0.92. Darasani, nguvu ni wati. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu.

Madhara yake si ya lugha tu. Volteji ikishuka hadi 115, yaani nusu, na ukinzani wa pasi ukabaki omu 57.5, mkondo utakuwa ampea 2, na nguvu itakuwa wati 230. Wati hizo si nusu ya zile 920, bali ni robo. Aliyezoea kuita volteji nguvu atasema kwamba nguvu imepungua nusu. Maneno yake ni sahihi kwa mazungumzo ya mtaani, na ni makosa katika hesabu.

Kosa hilo huwa baya zaidi katika waya. Chukua waya mrefu wenye ukinzani wa omu 0.5. Ukipitisha ampea 4, joto lake ni wati 8, nao hauna neno. Vikiunganishwa vyombo vitatu vya namna ile, mkondo ukawa ampea 12, joto huwa wati 72: mkondo umezidi mara tatu, joto limezidi mara tisa. Volteji ya ukutani haikuongezeka. Mtu aliyefundishwa kwamba nguvu ya umeme ni volti ataitazama soketi, aone volti ni zile zile, na aamini kwamba hapana hatari, hali mpira wa waya unaanza kulainika.

Kwa hiyo lawama haiwaelekei waliobuni istilahi. Yawaelekea waandishi wa vitabu wanaoliweka neno nguvu peke yake, bila kusema ni nguvu ya nini na hupimwa kwa kipimo gani. Dawa si kubuni neno jipya, kwani watu hawataacha kusema nguvu. Dawa ni kwamba kila neno la umeme liandamane na kipimo chake mpaka litulie: volteji kwa volti, mkondo kwa ampea, ukinzani kwa omu, nguvu kwa wati, nishati kwa uniti. Istilahi isiyoweza kumwonya mtu kabla waya haujaungua haijakamilika, hata ikiwa imekwisha kuandikwa katika kamusi.