Amunike na hesabu za Uwanja wa Taifa

Emmanuel Amunike alipokabidhiwa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, Agosti 2018, wengi walilitazama jina kabla ya kuitazama kazi. Winga wa kushoto aliyepita Zamalek, Sporting ya Lisbon na Barcelona, Mchezaji Bora wa Afrika wa 1994, alitarajiwa kuja na soka la pasi na kasi za pembeni. Soka hilo hatukuliona. Tulichopata ni tiketi ya AFCON 2019, ya kwanza tangu 1980, na ninaamini ilipatikana kwa sababu Amunike alijua mechi ipi ina uzito. Yeye ndiye aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria dhidi ya Zambia katika fainali ya Afrika ya 1994, na miaka miwili baadaye akafunga bao la tatu lililoizamisha Argentina 3-2 katika fainali ya Olimpiki.

Ushahidi umo kwenye matokeo. Katika mechi tano za kufuzu alizosimamia, ugenini Stars ilipata sare tasa na Uganda, ikafungwa 3-0 na Cape Verde, kisha 1-0 na Lesotho: pointi moja, bila bao hata moja. Nyumbani, kwenye Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam, ilishinda mbili, 2-0 dhidi ya Cape Verde na 3-0 dhidi ya Uganda, bila wavu wake kuguswa. Kipigo cha Praia na ushindi dhidi ya Cape Verde hiyo hiyo vilipishana siku nne tu, Oktoba 2018, na timu iliyovurugika siku ya kwanza ilirudi ikiwa na nidhamu ya nyuma na washambuliaji Msuva na Samatta wakamaliza kazi. Dhidi ya Uganda, Machi 24, 2019, mabao mawili kati ya matatu yalitoka kwa mabeki: Erasto Nyoni kwa penalti na Agrey Morris.

Watasema ilikuwa bahati, kwa kuwa Uganda ilikwisha kufuzu na haikuwa na cha kupoteza. Lakini Uganda hiyo ilikuwa imecheza mechi tano za kundi bila kuruhusu bao, na ikala matatu kwa jioni moja. Ni kweli pia kwamba Stars ilihitaji Lesotho isishinde Cape Verde, na mechi ile ikaisha 0-0. Hata hivyo, sare ya Dar isingetosha: Lesotho na Tanzania zingelingana kwa pointi sita, na Lesotho ilikuwa mbele kwa matokeo ya mechi zao mbili. Bahati ilifungua mlango, lakini kupita ilibidi kushinda.

Hoja nzito zaidi dhidi ya Amunike ni fainali zenyewe za AFCON nchini Misri. Huko hakukuwa na Uwanja wa Taifa, na mpango ukakosa miguu. Senegal ilishinda 2-0, Algeria 3-0, na dhidi ya Kenya Stars iliongoza mara mbili ikaishia kufungwa 3-2. Hapo ninakubaliana na wakosoaji kabisa. Timu isiyokuwa imefunga ugenini katika kufuzu haikuwa na namna ya kulinda uongozi mbali na nyumbani, na kazi ya kuijengea namna hiyo ilikuwa ya kocha. Julai 2019 Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) liliachana naye.

Kwa sisi wa Kalangalala, mjini Geita, jambo hili liko karibu. Etienne Ndayiragije, aliyerithi kiti cha Amunike, baadaye aliinoa Geita Gold, klabu iliyomaliza ya nne msimu wa 2021/22 na kushuka daraja 2023/24. Stand United na Mwadui za Shinyanga zilikwisha kushuka kabla yake. Viongozi wa klabu zetu wanapotafuta kocha, waweke pembeni sifa zake za uchezaji, wafungue matokeo yake ya nyumbani na ya ugenini kila upande kivyake, kisha wamuulize atafanya nini timu ikiongoza 2-1 ugenini dakika ya 60.