Dola milioni 76 za kumuaga kocha

Jumamosi ya Novemba 11, 2023, Texas A&M waliikandika Mississippi State 51-10 pale Kyle Field, uwanja unaomeza watazamaji zaidi ya 102,000. Kesho yake asubuhi kocha Jimbo Fisher akafungashiwa virago. Ushindi wa pointi 41 haukumsaidia kitu, maana shauri lake lilikuwa limeiva kabla timu hazijaingia uwanjani: siku chache nyuma bodi ya chuo ilikuwa imekutana faragha kulijadili, na aliyelipeleka mezani ni mkurugenzi wa michezo, Ross Bjork.

Hii ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, tena ya vyuo vikuu. Msomaji asidhani ni bonanza la wanafunzi. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala jaji, ni kocha.

Fisher alitua College Station, mji wa chuo hicho, mwishoni mwa 2017, akiwa na ubingwa wa taifa alioutwaa na Florida State katika msimu wa 2013. Alipewa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 75, zote zikiwa na dhamana: ukimfukuza, unamlipa. Msimu wa 2020 alishinda mechi 9 na kupoteza moja, timu ikamaliza nafasi ya nne nchini. Hapo chuo kikapagawa. Septemba 2021 kikamwandikia mkataba mpya hadi 2031, karibu dola milioni 95, ingawa ule wa awali ulikuwa na miaka kibao mbele yake. Haraka hiyo ya nini? Scott Woodward, bosi aliyemleta Fisher, alikuwa amehamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, ambako kiti cha kocha kilikuwa kinayumba, na wengi Texas walihofia kwamba angemvuta mtu wake.

Mwezi uliofuata Fisher aliwafunga vigogo Alabama 41-38, na mkataba ule ukaonekana wa busara. Kisha ukaja 2022. Kundi la wachezaji wapya lililotajwa kuwa bora kuliko yote nchini liliwasili, lakini timu ikapigwa nyumbani 17-14 na Appalachian State, chuo kisicho na hadhi ya kutisha mtu, ikamaliza na ushindi 5 na vipigo 7. Alipoondolewa mwaka uliofuata rekodi yake ya msimu ilikuwa 6-4. Kwa mshahara ule, hayo ni matokeo ya kati kwa bei ya ubingwa.

Bili ya kumwondoa ilifika takriban dola milioni 76. Rekodi iliyokuwa ikizungumzwa kabla ya hapo ni dola milioni 21.45 za Gus Malzahn, aliyetimuliwa na Auburn mwaka 2020. Kiasi ni kikubwa, ila utamu kwa Fisher umo katika masharti. Dola milioni 19.2 zilitakiwa kulipwa ndani ya siku 60, halafu milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031. Na hakufungwa na kipengele cha kumtaka atafute kazi nyingine, wala cha kukata malipo hayo akiipata. Chuo kilisema fedha zingetoka idara ya michezo na mfuko wa wafadhili wake, si kwenye karo. Klabu zetu zimezoea kutangaza kwamba pande mbili zimeachana kwa makubaliano. Hapa hapakuwa na cha kukubaliana, kila senti ilishaandikwa.

Kwa nini Novemba, msimu ukiwa haujaisha? Desemba wanafunzi wa sekondari husaini, na mwaka ule wachezaji waliopo nao walifunguliwa dirisha la kuhama mwezi huohuo. Chuo kisicho na kocha wakati huo huibiwa mchana kweupe. Elijah Robinson aliyekuwa msaidizi akashika timu kwa muda, na Novemba 27 akatangazwa Mike Elko kutoka Duke, mtu aliyewahi kuwa kocha wa safu ya ulinzi chini ya Fisher huyohuyo. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa dola milioni 7 kwa mwaka. Aliyeondoka, basi, alikuwa akipokea zaidi kuliko aliyepo.

Kule LSU Woodward alirudia mchezo. Mwaka 2021 alimpa kocha Brian Kelly miaka 10 kwa takriban dola milioni 95. Oktoba 2025 LSU ilikung'utwa 49-25 nyumbani, na waliofanya hivyo ni Texas A&M ya Elko. Kesho yake Kelly akaondolewa kwa bili ya dola milioni 54 hivi, gavana wa Louisiana, Jeff Landry, akaushambulia mkataba hadharani, na ndani ya wiki hiyo Woodward naye akaondoka. Tofauti moja ni ya kuangaliwa: Kelly alitakiwa kutafuta kazi, na atakachopata kikatwe.

Kimpira, Texas A&M walifanya sawa: msimu wa kawaida wa 2025 walishinda mechi 11, wakapoteza moja, wakaingia kwa mara ya kwanza kwenye mchujo wa ubingwa. Kosa lao ni la Septemba 2021, si la Novemba 2023. Fisher sasa ni mchambuzi wa televisheni, na malipo yake kutoka chuoni yamepangwa kuendelea hadi 2031.