Bagamoyo kwa Wapiga Picha: Wikiendi Inayopangwa kwa Mwezi

Mpiga picha za mandhari wa Dar es Salaam akitamani bahari, mawazo yake ya kwanza huenda Unguja: mchanga mweupe, maji ya samawati, na nauli ya boti inayokula fungu kubwa la bajeti kabla kamera haijatoka kwenye begi. Bagamoyo anaipita. Sababu anazozitoa ni za kweli. Maji yake ni ya tope, kwa kuwa mto Ruvu unamwaga baharini kaskazini kidogo ya mji. Ufukwe nao ni bapa mno. Maji yakipwa, mtu hutembea mbali sana kabla hajalowa magoti.

Nashikilia kwamba sababu hizo mbili ndizo zinazoufanya ufukwe huu uwe mzuri kwa mandhari, na ndizo zinazofanya malazi yake yawe nafuu. Bei ya chumba cha pwani hupanda kwa ajili ya anayetaka kuogelea. Anayetaka kioo cha maji membamba juu ya mchanga, mawimbi yaliyochorwa kwenye tope, na majahazi yanayofanya kazi badala ya kupamba hoteli, anapata yote hayo kwa bei ya gesti ya kawaida ya mji mdogo.

Safari ninayoichambua ni ya Ijumaa hadi Jumapili. Usafiri ni daladala kutoka Makumbusho, kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, umbali wa kilomita zipatazo 70. Chakula ni cha mama ntilie, na samaki wa kukaanga pale sokoni karibu na ufukwe. Kamera ni ya kuanzia, lenzi yake ni ile ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja nayo, na tripodi. Filta hakuna hata moja. Kwa mwenye vifaa hivyo, uamuzi unaozidi mengine yote kwa uzito ni wa tarehe, nao haugharimu kitu.

Pwani yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari huwa katika bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Kati ya vipindi hivyo huja maji mafu, bahari ikapanda na kushuka kidogo tu. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo anayajua haya kwa kuhesabu tarehe za mwezi. Kinachowapita wapiga picha wengi ni saa. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam linatosha kuthibitisha.

Linganisha sasa na jua. Linachomoza saa 12 na dakika kadhaa, kutegemea mwezi wa mwaka. Kwa hiyo siku ya bamvua, jua linapotokea, maji yamekwisha kushuka kwa kama saa mbili. Hayajafika mbali, ila kila wimbi linaporudi linaacha utando wa maji juu ya mchanga bapa, na utando huo unashika rangi yote ya anga. Majahazi yaliyo karibu na nchi kavu yameshakaa mchangani. Ya nje bado yanaelea. Sehemu ya mbele ya picha, ya kati na upeo wa macho vyote vinapatikana bila kutafutwa. Mtu akienda siku nne baadaye, alfajiri hiyohiyo atakuta maji bado yanajaa, yamefunika sehemu kubwa ya ufukwe, na mchanga uliobaki ni mkavu na hauakisi chochote. Nauli ni ileile, kitanda ni kilekile.

Jioni inaongeza sababu ya kuchagua mwezi mpevu. Ufukwe wa mji unatazama kaskazini-mashariki. Siku moja kabla ya mwezi kuwa kamili, mwezi unachomoza baharini kiasi cha dakika 40 au 50 kabla ya jua kuzama nyuma ya mji, wakati majahazi bado yanapata mwanga wa jua kutoka mgongoni mwa mpiga picha. Mwezi na mashua vinaingia katika eksposha moja. Siku mbili baadaye mwezi unatoka giza limeshaingia, na hapo ama mwezi unakuwa doa jeupe au mashua zinakuwa kivuli. Ndiyo maana tulitafuta mwezi mpevu unaoangukia Jumamosi, ili Ijumaa jioni iwe ya kupiga mwezi na alfajiri mbili zinazofuata ziwe za maji yanayoshuka.

Majira yanabadilisha pembe. Mwezi wa Juni jua huchomoza kaskazini ya mashariki, moja kwa moja kutoka bahari wazi, na mwezi mpevu hutokea upande wa kulia, kuelekea Mbegani. Desemba mambo hugeuka: mwezi mpevu ndio unaotoka bahari wazi, jua likachomoza kando ya pwani. Anayependa alfajiri aende wakati wa kusi. Anayetaka mwezi juu ya maji aende wakati wa kaskazi. Masika yanaogopwa kuliko inavyostahili. Mvua ikikatika, hewa huwa safi na mawingu huwa na umbo, na msimu huo wenye gesti hukubali kupunguza bei.

Halafu kuna ufupi wa mwanga. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima. Toka lichomoze hadi lifike nyuzi 6 juu ya upeo ni kama dakika 25, na baada ya hapo mwanga unakuwa mweupe na mkali. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, yanayozungumzia saa nzima ya mwanga wa dhahabu, humpotosha mtu wa pwani hii. Mahali pa kusimama pachaguliwe jana yake mchana, kwa kutembea. Alfajiri ni ya kupiga tu.

Dakika 20 kabla ya jua ndipo ukosefu wa filta unapoacha kuwa tatizo. Tundu la lenzi f/11, ISO 100, na shata hukaa wazi sekunde kadhaa kwa sababu ya giza lenyewe. Maji yanalainika yenyewe. Jua likishatoka, sekunde hizo haziwezekani tena, na wengi hapo hutamani filta nyeusi ya bei kubwa. Njia tuliyoitumia ni kupiga fremu 16 mfululizo, kamera isiyotikisika kwenye tripodi, kisha kuzitafutia wastani nyumbani. Fremu 16 za robo sekunde zinatoa maji yanayofanana na yale ya sekunde 4. Zaidi ya hapo, chenga za picha hupungua hadi robo, kwa kuwa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Programu ya GIMP haiuzwi na inafanya kazi hiyo: fremu zinapangwa kwa safu, ya chini inaachwa kwenye asilimia 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, na kuendelea hivyo. Kasoro yake ni mashua inayoelea, ambayo hufifia kama mzuka. Jahazi lililokaa mchangani halina shida hiyo, na hapa tena ufukwe bapa unasaidia.

Kuhusu chumba, chukua cha feni hata kama cha kiyoyozi kimepunguzwa bei. Lenzi iliyolala kwenye baridi ikitolewa alfajiri kwenye hewa ya pwani yenye unyevu hufunikwa na ukungu, na kuufuta hakusaidii; unarudi mpaka kioo kipate joto, na dakika 25 zimekwisha. Chumba cha feni kina joto karibu sawa na la nje. Katika safari nzima, hii ndiyo pesa iliyookolewa kwa faida ya picha moja kwa moja.

Tripodi kwenye mchanga wa maji huzama taratibu kila wimbi linapopita chini yake. Ikandamize kwa nguvu mpaka igome, subiri mawimbi mawili au matatu, ndipo upige. Ukirudi gestini, ioshe kwa maji baridi. Chumvi huanza kula maungio mapema.

Saa 4 asubuhi, maji yakiwa yamekupwa kabisa, mwanga haufai kwa picha pana. Tuliutumia kwa michirizi ya mchanga na kamba za nanga zilizolegea, tukiiwazia picha ya nyeusi na nyeupe. Ukimaliza, mchana wa jua kali uende Kaole, kilomita chache kusini-mashariki, kwenye magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Kivuli cha miti hapo kinapunguza ukali, na mikoko iliyojaa mbele ya bandari ya zamani inastahili safari yake peke yake. Ufukweni mjini, salimia kwanza. Watu wanaopakua samaki wako kazini, na nahodha ndiye wa kuombwa ruhusa ya kusogelea chombo. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Saa 4 usiku maji yanapwa tena, mwezi ukiwa juu. Tundu f/4, sekunde 15, ISO 800: mchanga wote unaonekana, na majahazi yaliyoegemea ubavu yanadondosha vivuli vyao kwenye tope. Usiende peke yako; nenda na mwenyeji anayefahamika pale, umlipe kwa muda wake.

Kuna wanaopendekeza mwezi mwandamo badala yake, kwa kuwa bamvua ni ileile na nyota zinaonekana. Kwa Bagamoyo sikubaliani nao. Kusini-mashariki kuna taa za Dar es Salaam, na ng'ambo ya maji, usawa uleule ufukwe unakotazama, kuna mwanga wa Mji wa Unguja. Upeo wa macho hauwi mweusi, na kamera ya kuanzia hukusanya mwanga huo wa rangi ya machungwa kabla ya nyota. Mwenye kutaka nyota aweke akiba ya Kilwa.